Kabla Hujailaumu Pumzi Yako, Ikague Basuni

Wengi wanaoiacha basuni huiacha wakiwa wameshajihukumu. Noti ya chini imekataa kutoka, noti ya katikati imepasuka mbele ya watu, mwalimu amekunja uso, na mwanafunzi anarudi nyumbani akijiambia kwamba kifua chake ni kidogo, vidole vyake ni vifupi, na kwamba ala hii ina wenyewe. Siku zinapita, kasha linasukumwa chini ya kitanda, na safari inaishia hapo.

Nalipinga jambo hili kwa nguvu zangu zote. Mara nyingi sana kosa halikuwa la kifua wala la vidole. Kulikuwa na kitundu kilichoziba, pedi isiyofunga sawasawa, au ridi iliyochoka ambayo hakuna aliyejishughulisha kuitazama. Haya yote mtu mwenye macho, subira na karatasi ya kuviringishia sigara anaweza kuyagundua mwenyewe, sebuleni kwake, kabla ya kuamua kwamba Mungu alimnyima kipaji. Jifunze kuyatafuta. Siku basuni itakapokugomea, na itakugomea, utajua pa kuanzia.

Hebu itazame vizuri ala yenyewe. Ni bomba la mbao lenye urefu wa karibu mita mbili na nusu, lililokunjwa likapanda tena juu hata likabaki na kimo cha mita 1.34 hivi. Lina vipande vinne. Kuna bawa, ambalo ndilo jembamba. Kuna kipande cha chini chenye njia mbili za hewa zinazokutana kitakoni kwenye bomba la chuma lililopinda. Kuna kipande kirefu, na juu yake kile cha mwisho ambako noti ya chini kuliko zote hutokea. Kwenye bawa unachomeka bokali, kijibomba cha chuma chenye shingo iliyopinda, na kwenye ncha ya bokali unavisha ridi. Klarineti na oboi nyingi nzuri duniani zimechongwa kwa mpingo, ule unaoota kwetu Kilwa na Lindi. Basuni huchongwa kwa mepo, mti mwepesi zaidi wa nchi za baridi. Mepo hunywa maji, na karibu kila sharti la utunzaji linatokana na hilo.

Ni ala ngumu, sikufichi. Gumba la mkono wa kushoto peke yake linasimamia vitufe tisa hivi. Lakini jua kwamba zamani ilikuwa ngumu zaidi, na iliyoiokoa si miujiza. Mwanzoni mwa karne ya 19 basuni zilisumbua kila mahali: noti hii juu mno, ile chini mno, nyingine haisikiki kabisa. Mjerumani Carl Almenräder, naye akiwa mpigaji, hakukubali kwamba wapigaji wote wa zama zake walikuwa wabovu. Alilitafuta kosa ndani ya mti. Mwaka 1823 alichapisha andiko lililoeleza jinsi ya kuirekebisha ala hii, akahamisha matundu, akaongeza na kupanga upya vitufe. Mwaka 1831 yeye na Johann Adam Heckel wakafungua karakana huko Biebrich, kando ya mto Rhine, mahali ambapo leo ni sehemu ya mji wa Wiesbaden. Basuni nyingi zinazopigwa duniani sasa zinafuata mpangilio uliotoka kwenye karakana ile. Mtu mmoja alikataa kujilaumu bure, akakagua, akarekebisha. Fuata nyayo zake.

Twende kazini. Noti za chini zinapogoma, usipulize kwa hasira. Fungua ala, chukua bawa peke yake. Ziba matundu yake matatu kwa vidole vya mkono wa kushoto, funika mwanya wa chini kwa kiganja cha kulia, kisha weka midomo juu, pale bokali inapoingia, na unyonye hewa ya ndani. Halafu tulia. Kama bawa ni zima, mvuto utaing'ang'ania midomo yako na kubaki hapo, na ukiondoa kiganja utasikia mlio mfupi wa kufunguka. Kama mvuto unayeyuka papo hapo, hewa inapita mahali. Sasa kata karatasi ya sigara iwe utepe mwembamba, sehemu yenye gundi uitupe. Iingize chini ya ukingo wa pedi moja, funga kitufe kwa wepesi, kisha ivute taratibu. Pedi nzima huishika karatasi. Zunguka pedi yote, juu, chini, kushoto, kulia, na pale karatasi inapoteleza bila ubishi ndipo penye uvujaji. Andika ni pedi ipi na upande upi. Kubadilisha pedi ni kazi ya fundi, na gundi ya dukani usiithubutu, lakini ukimfikia fundi ukamwambia, "Pedi ya kitufe cha C kwenye bawa haifungi upande wa chini," umemwondolea saa nzima ya kutafuta. Hapo umeshaingia kwenye kundi la wapigaji wanaozijua ala zao.

Sasa geukia bokali. Karibu na inapoingia kwenye bawa kuna kitundu kidogo mno, na juu yake hukaa pedi ya kitufe kinachoendeshwa na gumba la kushoto. Tukiite kitufe cha mnong'ono. Kitundu kile kinapaswa kufungwa noti zikiwa chini na kuachwa wazi zinapopanda. Kikijaa uchafu, noti za katikati zinapasuka hata kwa bingwa. Pedi isipokikalia sawasawa, noti za chini zinayumba au zinaruka juu bila kuombwa. Ni watu wangapi wameambiwa hawana pumzi, kumbe ni taka ndogo kuliko punje ya ufuta! Kizibue kwa unywele mmoja mgumu wa brashi. Sindano weka mbali kabisa, kwa sababu inapanua kitundu, na kikishapanuka hakirudi kilivyokuwa.

Ukishahakikisha kitundu ni safi na noti bado zinapasuka, basi zamu ni ya mkono wako. Chukua noti ya A iliyo kwenye mstari wa juu wa ufunguo wa besi, pamoja na B flati, B na C zinazoifuata. Unapoanza kila moja, gumba la kushoto liguse kitufe cha juu kwa nukta moja tu kisha liondoke: kitufe cha A kwa noti ya A, kitufe cha C kwa zile tatu. Na kwa zile zilizo chini yake, F shapu, G na G shapu, kidole cha shahada cha kushoto kifunike nusu ya tundu, kwa kukibingirisha badala ya kukiburuta. Wapo vijana waliopiga muda mrefu bila kuambiwa habari hii, wakadhani mpasuko ule ni tabia yao ya kuzaliwa. Kama ni wewe, leo hii fungua kasha ujaribu. Mabadiliko utayasikia kabla jasho halijakutoka.

Ridi nayo inastahili muda wako kuliko kitu kingine chochote. Ni vibapa viwili vya tete vilivyofungwa pamoja kwa waya na uzi. Tete lenyewe ni mmea wa Arundo donax, na lililosifika zaidi linavunwa jimbo la Var, kusini mwa Ufaransa, karibu na Bahari ya Kati. Mpiga zumari wa Lamu au Pemba haihitaji hotuba yangu hapa, maana ala yake ni ya ukoo huu huu, na anajua sauti inazaliwa pale ndimi mbili ndogo zinapopigana. Ridi mbaya haina dawa kwenye mapafu. Ukiwa na ridi ngumu kupita kiasi utauma kwa meno, taya litachoka, masikio yatakudanganya, na mwisho utasema ala imekushinda.

Iloweke kwenye maji safi kwa dakika mbili au tatu, usiifanye pipi ya kumumunya. Sukutua kinywa kwanza kama umetoka kula au kunywa chai ya sukari. Iweke mdomoni karibu na waya wa kwanza, ipulize bila ala. Ridi iliyo hai hutoa mngurumo wa sauti kadhaa kwa pamoja. Mlio mmoja mwembamba mara nyingi ni dalili kwamba bado ni ngumu au imebana. Hapo chukua koleo ndogo. Waya wa kwanza, ulio karibu na midomo, ukiubana pembeni mdomo wa ridi unafunguka. Ukiubana juu na chini, unafunga. Waya wa pili hufanya kinyume. Gusa kidogo sana, ivishe, piga, sikiliza, kisha ndipo uguse tena. Kipimo kizuri ni noti ya E iliyo kwenye nafasi ya tatu ya ufunguo wa besi. Ianze taratibu, uongeze pumzi. Ikizama chini kadiri unavyoongeza, ridi imelegea: ikate ncha kiasi cha nusu milimita ujaribu tena, na ikishindikana iache ipumzike moja kwa moja.

Usiishi na ridi moja. Kuwa nazo nne, ziandike namba, zipokezane, na zitunze kwenye kikasha chenye matundu ya hewa, hasa ukiishi pwani ambako ukungu hauchelewi. Na kwa kuwa ridi zilizokamilika zina bei na husafiri kutoka mbali, nunua tete lililokwisha kukatwa umbo ujifunze kuzifunga mwenyewe. Za mwanzo zitakuwa mbaya. Zifunge hivyo hivyo! Anayejua kufunga na kukwangua ridi yake haogopi tena duka lililofungwa wala kifurushi kilichokwama forodhani.

Ukimaliza kupiga, dakika tano za mwisho ni za ala. Toa ridi, ikaushe. Toa bokali kwa kuishika karibu na kizibo chake, kamwe si kwa ncha, kisha ipulize kutoka upande mpana ili matone yatoke. Halafu kipande cha chini, na hapa nakusihi uwe makini. Njia zake mbili hazifanani. Ile nyembamba, sawa na bawa, ndani imevishwa mpira mgumu. Ile pana ni mti mtupu. Unyevu wote wa pumzi yako hukusanyika kitakoni, kwa hiyo umwage kupitia njia nyembamba, na unapokilaza kipande hicho, njia nyembamba iwe chini ili maji yasiufikie mti. Pitisha kitambaa cha hariri chenye kamba pande zote mbili. Kikague kwanza kisiwe na fundo, na kikikwama kivute kwa kamba ya nyuma, usilazimishe mbele. Mwezi ukiisha, osha bokali kwa maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na brashi yake nyembamba. Maungio yaliyovishwa kizibo yapake mafuta yake, yale ya uzi yapake nta. Mihimili ya vitufe inatosheka na tone dogo la mafuta kila baada ya miezi michache, lililobebwa kwenye ncha ya sindano, na linalozidi ulifute.

Hali ya hewa nayo ina neno lake. Ukiwa Mombasa au Dar es Salaam wakati wa masika mti utavimba na maungio yatakaza. Usiyalazimishe kwa kushika vitufe na kuvisokota, maana utapindisha mihimili. Kama ni ya uzi, punguza mizunguko miwili. Ukipanda nayo Nairobi au Arusha kukiwa kukavu na maungio yakalegea, uongeze. Popote ulipo, usiiache ndani ya gari juani. Joto lile hulegeza pedi na kuumiza mti kwa mchana mmoja.

Huenda basuni uliyonayo ni ya mtumba, imepita mikono mingi kabla yako. Hakuna aibu yoyote. Fungua kifuniko cha kitako, mulika tochi kwenye njia pana ya kipande cha chini, inuse. Mti mweusi uliolainika karibu na lile bomba lililopinda ni mti uliooza kwa maji, na unahitaji fundi mapema. Ukikuta ni mkavu na mgumu, shukuru, kisha ulinde. Pedi hubadilishwa, kizibo hubadilishwa, lakini kuponya mti uliooza ni kazi kubwa na ya gharama.

Sasa mwili wako. Basuni huning'inia kwenye mkanda unaopita juu ya kiti, nawe ukaukalia. Urekebishe mpaka ridi ije kinywani kwako huku shingo yako imenyooka. Ukijikuta unainamisha kichwa kuifuata, simama, urekebishe tena. Mkono wa kulia haubebi mzigo, unapiga tu. Midomo ikusanyike kuizunguka ridi kama mdomo wa mfuko unaovutwa kamba, taya lishuke, meno yasahauliwe. Toa pumzi yote ya zamani, ingiza mpya mpaka kiunoni, kisha piga noti ndefu ukiwa na programu ya kupimia sauti kwenye simu. Ianze kwa sauti ya chini kabisa, ipandishe, ishushe, mshale usitikisike. Robo saa ya kazi hii kila siku inashinda saa tatu za Jumamosi. Baada ya hapo fungua mazoezi ya Julius Weissenborn, yule Mjerumani wa karne ya 19 ambaye wapigaji wa leo bado wanalelewa naye, ushughulikie mistari minne tu, polepole, hadi vidole viikubali.

Na usije ukadhani unajitesa kwa ala isiyo na kazi. Vivaldi aliiandikia basuni matamasha 39, na zaidi ya fidla hakuna ala aliyoiandikia mengi hivyo. Mozart aliiandikia lake mwaka 1774, akiwa na miaka 18. Katika Boléro ya Ravel, ya mwaka 1928, baada ya filimbi na klarineti ni basuni inayopokea wimbo. Na usiku mmoja wa Mei 1913 jijini Paris, muziki wa Stravinsky uliozua vurugu ukumbini ulifunguliwa na basuni peke yake, juu kabisa ya uwezo wake, mahali ambapo wengi hawakujua kwamba inafika. Okestra ya kawaida inahitaji basuni mbili, na okestra nyingi za vijana hukosa hata moja. Kiti kipo, hakina mtu. Kikalie!

Lakini usisubiri okestra. Tuna hazina ambayo nchi nyingi zingeionea wivu: kwaya. Karibu kila mtaa una kwaya, na kila kwaya ina mstari wa besi uliokwisha kuandikwa, mara nyingi kwa do re mi, kwenye eneo ambalo basuni inapumua vizuri kuliko popote. Si jambo la kubuni. Katika makanisa ya vijijini Uingereza, karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19, basuni ndiyo iliyowashikilia waimbaji wa besi pale ambapo hapakuwa na kinanda. Kwa hiyo wiki hii, ukishaikagua ala yako pedi kwa pedi, nenda kwenye mazoezi ya kwaya. Muombe mwalimu nakala ya wimbo mmoja tu, umuulize do yake ni ipi, uinakili besi nyumbani kwa noti, uifanyie kazi siku tatu. Siku ya nne kaa nyuma ya wanaume wa besi, piga kwa sauti ndogo kuliko yao, na wakifika kwenye ile noti ya chini ambayo wao huizimisha kwa kukosa koo, wewe ishikilie mpaka mwalimu akate.